Mapigo Sitini

Kwa miaka ishirini na sita Lokwang aliingiza mkono wake wa kulia kwenye vifua vya mbuzi, na hakuna kitu duniani alichokijua vizuri kuliko moyo. Alifanya kazi katika kichinjio kimoja mjini Isiolo. Dabaso, mzee wa Kiborana, ndiye aliyekuwa mchinjaji: alitaja jina la Mungu, akakata koo, akangoja mnyama atulie. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya Lokwang kutundika, kuchuna na kutoa vya ndani. Mara nyingine moyo ulikuwa haujatulia. Ulimtetemekea kiganjani mara tatu, mara nne, umekwisha kutenganishwa na mwenyewe. Vijana wapya wakiona hivyo walitoka nje kutapika. Lokwang aliuweka kwenye beseni na wengine, akaendelea na maini.

Alikuwa Mturkana, mzaliwa wa Ngaremara, na nyumba yake ilikuwa Kiwanjani, ambako aliishi na mkewe Alice. Alice alikuwa akiuza chai na mandazi karibu na shule. Walikuwa na mwana mmoja, Lodio, mwalimu wa chuo cha ufundi huko Eldoret. Lokwang hakuwa mtu wa maneno mengi. Kanisani alikaa benchi la nyuma kwa sababu alijua kwamba harufu ya kichinjio haitoki kwa sabuni.

Mwaka wa 2019, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, alianguka kazini. Alikuwa ameinama kuosha matumbo, na mara akajikuta amelala sakafuni, Dabaso amemshika kichwa. Wiki hiyo alianguka mara mbili zaidi. Hospitalini walimpima mshipa wa mkono, wakapima tena, wakaitana. Moyo wake ulikuwa ukipiga mara ishirini na nane kwa dakika. Akapelekwa Meru, na kutoka Meru akapelekwa Nairobi. Huko daktari alimweleza kwamba njia ya ndani inayopeleka amri kwenye moyo ilikuwa imekatika. Mshipa ulikuwa mzima, nyama nzima, ila amri haifiki.

"Tutakuwekea kifaa kidogo chini ya ngozi," daktari alisema. "Kina betri na waya. Kitakuwa kinauambia moyo upige."

Bei ya kifaa kipya hawakuiweza. Daktari akawaambia kwamba kulikuwa na mpango mwingine. Katika nchi za mbali, mtu aliyekuwa na kifaa kama hicho akifa, jamaa zake hukubali kitolewe. Kinasafishwa, kinapimwa, kinaletwa kwa mtu asiyekuwa nacho. Hicho walichokuwa nacho kilikuwa na nguvu ya miaka kama mitano.

Alice, aliyekuwa amemsindikiza, aliinuka, akaenda kusimama dirishani. "Mimi sijasikia hiyo," alisema. "Baba Lodio, kama utakubali, ukubali. Lakini mimi usiniambie hiyo kitu ilitoka wapi."

Lokwang alikubali. Saa mbili baadaye alikuwa na uvimbe mdogo wa mraba chini ya mfupa wa bega la kushoto, na ulimwengu ukawa na rangi tena.

Nguvu zilirudi haraka kuliko alivyotarajia. Lodio alikuja kumwona, akiwa na furaha ya ajabu. Alimwonyesha baba yake kwenye simu mambo aliyokuwa akiyasoma: watu waliowekewa macho ya kioo yanayoona, mikono ya chuma inayotii mawazo, na wasomi waliosema kwamba siku moja mtu atabadilishwa sehemu moja baada ya nyingine, mpaka kifo kikose pa kuingilia.

"Baba, wewe ndiye wa kwanza kwa nyumba yetu kuwa mtu wa kesho," Lodio alisema. "Wanasema mwili ni kama gari. Ukiwa na vipuri, hauna mwisho."

Lokwang aliufikiria mfano huo. "Nimefungua miili mingi," alijibu. "Sijaona gari hata siku moja."

Jambo la kwanza la kushangaza lilitokea mwezi wa tatu baada ya kuwekewa kifaa. Alikuwa akienda Ngaremara kumwona dada yake mkubwa, Aule, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alipanda pikipiki ya kijana aitwaye Tyson. Walipoacha lami na kuingia njia ya mawe, pikipiki ikaanza kuruka, na moyo wa Lokwang ukaanza kukimbia. Alikuwa amekaa tu, mikono magotini, haogopi kitu wala hachoki. Lakini kifuani mlikuwa na mtu anayekimbia. Tyson alipopunguza mwendo kupita korongo, yule wa ndani naye akapunguza. Tyson alipoongeza, naye akaongeza.

"Mzee uko sawa?" Tyson aliuliza.

"Simama kidogo."

Pikipiki iliposimama, moyo ukarudi chini polepole, bila haraka, mpaka sitini. Ukakaa hapo. Lokwang alitazama uwanda mkavu pande zote, kama mtu anayetaka kujua ni nani mwingine amefika.

Aule alikuwa amekaa kivulini akitwanga tumbaku. Alikuwa mwanamke mrefu, shingo imejaa shanga za ujana wake, na macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu. Alimwita ndugu yake karibu, akamfungua vifungo vya shati bila kuuliza, akaweka kiganja juu ya ule uvimbe.

"Ni hii?"

"Ni hiyo."

"Ilikuwa ya mtu?"

Lokwang hakuwa amemwambia. Hakuwa amemwambia mtu yeyote; Alice peke yake alijua, naye hakutaka kusikia. Aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba Aule haoni vizuri. "Ndiyo. Alikufa."

Aule hakuondoa mkono. Alisema kwa Kiturkana, kwa sauti ile ya kumkaribisha mtu aliyetoka safari ndefu, "Umefika? Umeamkaje? Huko kwenu kumenyesha?" Akangoja kidogo, kama anavyongojwa mgeni ajibu, halafu akarudi kwenye tumbaku yake. Lokwang alifunga vifungo, na vidole vyake vilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali.

Kila miezi sita alikwenda Meru kupimwa. Aliyempima aliitwa Gacheri, mwanamke wa Kimeru mwenye miwani, fundi wa vifaa vya moyo. Lokwang alimwita daktari, ingawa mwenyewe alimkanya mara nyingi. Gacheri alikuwa na mashine ya kufunguka kama kitabu, na kitu cha duara chenye waya ambacho alikiweka juu ya kifua cha mgonjwa. Hapo kioo kilianza kuandika mistari.

"Sasa nakipunguza, mzee," alisema siku moja katikati ya mwaka wa 2021. "Nataka kuona yako mwenyewe ikoje."

Kuta zikasogea mbali. Sauti za watu kwenye ukumbi zikawa kama zinatoka kisimani. Lokwang alisikia pigo moja, akangoja, akangoja sana, likaja lingine.

"Ishirini na nane," Gacheri alisema, akabonyeza kitu, na kuta zikarudi. "Hiyo ndiyo yako."

"Na hizo zingine?"

"Hizo zingine ni zake."

Kisha akakipandisha. Hakusema kwanza, au labda alisema na Lokwang hakusikia. Moyo ulianza kwenda mbio, na papo hapo Lokwang akashikwa na hofu. Alitazama mlango. Alishika ukingo wa kitanda. Alikuwa na hakika kwamba kuna jambo baya limeshatokea mahali fulani na habari zake ziko njiani.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu, mzee. Nimepandisha tu, mia na kumi. Narudisha."

Hofu ikaondoka kama ilivyokuja. Lokwang aliachia ukingo wa kitanda, akauliza, "Daktari, ile hofu ilikuwa yangu?"

Gacheri alivua miwani. Ilikuwa dhahiri kwamba hakuna mgonjwa aliyewahi kumwuliza hivyo. "Mashine haina hofu," alisema. "Inapiga tu. Nafikiri mwili ulisikia moyo ukikimbia, ukaenda kutafuta sababu."

"Na ukikosa sababu?"

"Hapo sijui."

Akasoma kioo. "Hapa naona mwezi uliopita, tarehe tisa, asubuhi. Ulikimbia dakika arobaini?"

"Sikukimbia. Nilipanda pikipiki tena kwenda kwa dada yangu."

"Ah. Hiki kinasikia mtikiso. Kikitikiswa kinadhani unakimbia. Ukikaa kimya, kinadhani umepumzika. Hakisikii kitu kingine."

Baba yake Lokwang alikuwa msomaji wa matumbo. Mbuzi akichinjwa, wazee walimwita, naye akayatandaza matumbo na kuona humo njia ya adui, maji, mwanamke atakayeugua. Lokwang mdogo alikuwa akisimama nyuma yake akitazama michirizi ya mishipa bila kuona chochote. Sasa aliutazama uso wa Gacheri ukiangaziwa na kioo, na akajua mkao huo, hata namna ya kukunja midomo. Lakini baba yake hakuwahi kumsoma mbuzi aliye hai.

"Huyo wa kwanza alikuwa nani?" aliuliza.

"Hatupewi jina. Kila kitu kinafutwa."

"Siku ile alikufa, hii ilikuwa inampigia?"

Gacheri alianza kukunja waya. "Ndiyo," alisema. "Yenyewe haijui kama mtu amekufa. Inaendelea mpaka watu waitoe."

Lokwang alilipeleka jambo hilo kichinjioni, kwa Dabaso, kwa sababu ndiye mtu aliyeona naye mambo mengi zaidi bila kuyazungumza. Walikuwa wamekaa nje wakinywa chai baada ya kazi, visu vimeoshwa.

"Wewe umeona mwenyewe," Dabaso alisema. "Nakata, roho inatoka, mnyama hayuko. Lakini moyo unacheza kwa mkono yako. Si hivyo?"

"Ni hivyo."

"Basi moyo haikuwa mnyama. Ni nyama. Usitafute mtu hapo."

"Nimtafute wapi sasa?"

Dabaso alimwaga mabaki ya chai mchangani. "Hiyo mimi na wewe tumefungua kila mahali, na hatujaipata," alisema. "Ya ndani kabisa ni ya Mungu."

Jibu lilimtosha Lokwang kwa miezi minane. Mwishoni mwa Machi 2022, saa nne asubuhi, alikuwa amekaa kwenye stuli nje ya nyumba yake akishona kandambili. Simu ikalia. Alikuwa mpwa wake wa Ngaremara. Aule alikuwa ameamka vizuri, akaomba maji, akalala tena, akaondoka.

Lokwang alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Nimesikia." Aliweka simu chini, na akangoja.

Hakuna kilichokuja. Alijua neno lake: dada yangu amekufa. Alijua maana yake yote, tangu mahindi aliyotafuniwa pamoja na maziwa utotoni mpaka mkono uliokuwa ukimpapasa kichwa. Lakini kifuani mlikuwa shwari kama maji ya pipa. Aliweka vidole viwili kwenye mkono wa kushoto, akahesabu kwa saa ya simu. Sitini. Akahesabu tena. Sitini. Alice alitoka jikoni, akamwona usoni, akajua, akapiga yowe, majirani wakaja. Lokwang alikaa katikati ya kilio chao na sindano ya kandambili mkononi, na moyo wake ukatembea kama askari wa zamu, hatua baada ya hatua, bila kugeuza kichwa.

Siku ya maziko alikuwa vilevile. Watu walimtazama. Binti ya Aule, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba, alisema na shangazi yake bila kujali kama anasikiwa: "Mjomba hana uchungu. Waliutoa huko Nairobi." Alice aligeuka kumjibu, lakini Lokwang alimshika mkono, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba msichana amekosea.

Mchungaji alipokuwa akisoma, Lokwang aliondoka polepole, akazunguka nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na boma tupu la mbuzi. Alisimama humo. Halafu akaanza kuruka.

Aliruka kama walivyoruka vijana katika ngoma za zamani, miguu pamoja, mgongo wima, mikono ubavuni. Suti yake ya kanisani ilipaa na kushuka. Visigino vyake vilipiga mbolea kavu. Mara ya kumi, ya ishirini. Goti moja likamuuma, hakuacha. Na kifaa, ambacho hakikujua kifo wala dada wala maziwa, kikasikia mtikiso, kikadhani mtu huyu anakimbia, kikauamrisha moyo.

Moyo ukaanza kugonga. Na mlango ulipogongwa, uchungu ukaingia. Uliingia wote mara moja. Lokwang alianguka kwa magoti akilia kwa sauti ambayo watu waliokuwa kando ya kaburi waliisikia, wakatazamana.

Alice alimkuta hapo, vumbi la mbolea limemjaa kichwani. "Baba Lodio, unafanya nini?"

"Nilikuwa nautafuta," alisema.

"Nini?"

"Moyo."

Alice alipiga magoti karibu naye, akamfuta uso kwa kitambaa chake. Baada ya muda Lokwang alisema jambo ambalo Alice hakupata kulisahau. "Nimemlilia Aule," alisema. "Kilio chake nimekimaliza. Lakini bado kuna kilio, na hicho sikijui ni cha nani."

Tangu siku ile Alice aliacha kulala upande wa kushoto wa Lokwang, penye kifaa. Hakusema kwa nini, naye hakumwuliza. Mchana, akimpelekea chakula, alimwita jina kwanza kabla ya kumkaribia, "Lokwang," jina tupu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Lodio azaliwe; akishaitika, ndipo alimsogelea. Lokwang alielewa kwamba alikuwa akipima ni nani atakayeitika. Yeye mwenyewe alijikuta akisita kidogo kabla ya kujibu, kana kwamba anampa mwingine nafasi.

Mapema mwaka wa 2024 Gacheri alimwambia kwamba nguvu imekaribia kwisha. Safari hii Lodio, kanisa na watu wa kichinjio walikuwa wamechanga pesa, na kikapatikana kipya. Lokwang alipoamka baada ya kuwekewa huko Meru, Gacheri alikuwa kando ya kitanda.

"Hiki hakijakaa kwa mtu," alisema. "Ni chako peke yako."

"Na kile?"

Alikuwa amekiweka kwenye bakuli la chuma mezani. Kilikuwa kidogo kuliko Lokwang alivyokiwazia, chembamba, cha kijivu, kama kokoto iliyolambwa na mto. Hakikutoa sauti wala hakikutikisika. Gacheri alichukua kile kitu cha duara akakiweka juu yake. Kwenye kioo mstari ukaanza kuruka: pigo, pigo, pigo. Ulikwenda kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, na hapakuwa na mtu chini yake.

"Hakijui kwamba kimetolewa," Gacheri alisema kwa sauti ya chini. Alionekana kujuta kukionyesha.

"Kitaacha lini?"

"Wiki chache. Labda miezi."

Lokwang aliomba apewe. Gacheri alisema haiwezekani, halafu akaenda kuzungumza na mkubwa wake, akakaa huko muda mrefu, akarudi na karatasi ya kutia sahihi na bahasha ya kahawia.

Walikizika nyuma ya nyumba Kiwanjani, Jumamosi, saa kumi alasiri. Lokwang alitarajia Alice angekataa kitu hicho kuingia uani. Badala yake alikuta ameshachimba mwenyewe kwa jembe la bustani, shimo la kufika kiwiko, na amekata kipande cha leso yake nzuri.

"Uliniambia nisikwambie kilitoka wapi," Lokwang alisema.

"Nilisema hivyo."

"Ilikuwa ya mtu, Alice."

"Najua. Nimeishi na yeye miaka karibu mitano." Alikifunga ndani ya leso, pembe kwa pembe, kama anavyofungwa mtoto. "Kichwa chake kiende upande gani?"

Lokwang hakujua. Hawakujua kwao ni wapi, wala kama alikuwa mwanamume au mwanamke, wala alisali vipi. Mwisho walikiweka tu, katikati. Kabla ya kurudisha udongo Alice alisita, bonge mkononi. "Bado kinapiga?"

"Gacheri anasema ndiyo."

Alice alifumba macho, akaomba sala fupi kwa ajili ya mtu huyu na watu wake. Halafu akaachia udongo kidogo kidogo, kwa vidole, na walipomaliza wakapanga mawe juu. Jirani aliyechungulia uani aliuliza ni kuku gani amekufa.

Wiki mbili baadaye Gacheri alipiga simu kuuliza hali.

"Naendelea vizuri," Lokwang alimwambia. "Nguvu iko. Ila huku ndani ni kama nyumba ambayo mpangaji amehama."

"Utazoea, mzee."

"Ndiyo," alisema Lokwang.

Bado anachuna mbuzi, siku nne kwa wiki. Kutoka Meru alirudi na fomu nyingine, ya kukubali kwamba akifa, kifaa hiki kitolewe na kupewa mtu mwingine. Alitia sahihi yake siku hiyo hiyo, na chini kabisa, mahali ambapo hapakuwa pa kuandika chochote, akaandika kwa herufi kubwa jina lake, la baba yake, na Isiolo. Fomu iko juu ya redio. Sehemu ya shahidi haijajazwa. Alice husema ataijaza akipata miwani, ingawa Biblia huisoma bila miwani.